Land Rover 109 ilikuwa inagonga tapeti, fundi kakaza kelele ikaisha lakini sasa gari haina nguvu

mwana_wa_109:
Habari zenu wakuu. Nina Land Rover Series III 109 ya petroli, injini ile ya 2.25, aliiacha marehemu mzee wangu. Ilikaa bandani miaka mingi, mwaka jana nikaifufua. Ikaanza mlio tak tak tak juu ya injini, mwanzoni asubuhi tu, baadaye muda wote. Fundi akafungua kava ya tapeti akakaza skrubu zote za kupanga nafasi za vavu (milango ya hewa na moshi ya injini) kwa kusikiliza na masikio tu, hakushika fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, hata mara moja, kelele ikaisha nikamlipa nikaondoka na furaha. Wiki mbili hazijaisha gari haipandi mlima, kuwaka asubuhi ni shida na kwenye eksozi inatoa pumzi pu pu pu. Nifungue silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye vavu, au kuna cha kufanya kwanza? Mzee aliipenda sana hii gari, sitaki ifie mikononi kwangu.

fundi_mstaafu:
Pole sana mwanangu. Usiitembeze tena hiyo gari mpaka umelegeza hizo tapeti, nakuomba. Tapeti inayogonga inakupigia kelele tu, hatari kubwa ni ile iliyokazwa ikanyamaza. Vavu ya eksozi inapoa pale inapokaa kwenye siti yake, ndipo joto linahamia kwenye hedi, sasa ukiikaza mpaka hakuna nafasi kati yake na roka, mkono unaoibonyeza, injini ikipata moto vavu inarefuka, haifungi sawasawa, moto unapita pembeni yake na kuila kidogo kidogo. Hiyo pu pu pu ndiyo yenyewe inavuja. Kwenye injini hiyo nafasi ni milimita 0.25 vavu zote, za kuingiza na za eksozi. Mimi napima asubuhi injini imelala usiku kucha.

Namna ya kupima ni rahisi, hesabu ya tisa. Vavu ziko nane, zihesabu kuanzia mbele kwenye feni. Zungusha injini kwa mkono mpaka vavu ya 8 ibonyee kabisa, hapo unapima ya 1. Ya 6 ikibonyea unapima ya 3, ya 4 unapima ya 5, zote jumla yake ni tisa. Ukishakaza nati ya kufungia pima tena, maana skrubu huwa inazunguka nayo kidogo na nafasi inabadilika. Eksozi ni namba 1, 4, 5 na 8, hizo ziangalie kwa makini zaidi.

dada_wa_spana:
Mzee kamaliza, shikamoo. Naongeza tu kwamba kabla ya kulaumu tapeti hakikisha kelele ni ya tapeti kweli. Kamshafti, chuma kinachosukuma vavu, inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo mlio wa vavu moja ni wa taratibu, krenki ikizunguka mara 800 kwa dakika vavu inagonga mara 400. Chomoa waya wa plagi moja moja injini ikiwa inaunguruma, shika kwa koleo yenye mpira usije ukapigwa shoti, kama mlio unapungua au kubadilika kwenye silinda fulani basi fikiria beringi za koni rodi au pistoni, tapeti haijali plagi. Gasketi ya manifoldi ya eksozi ikivuja nayo inatoa tik tik inayofanana kabisa, hiyo imeshawafungulisha watu hedi bure. Hata pampu ya mafuta ya pembeni ya injini inagonga ikichoka. Chukua bisibisi ndefu weka ncha kwenye injini na mpini sikioni, utajua inatoka wapi.

mwana_wa_109:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimepima leo, tano hazikuwa na nafasi hata kidogo!! Nimeweka 0.25 zote, nguvu imerudi kiasi ila pumzi bado ipo, na tak tak imerudi. Injini ikiwa inaunguruma nikaingiza fila geji kwenye roka moja moja, kwenye namba 5 mlio ukakata. Lakini nafasi yake nimeipima mara tatu na ni sahihi, sasa inagonga nini?

fundi_mstaafu:
Hapo umefika. Angalia uso wa hiyo roka pale inapobonyeza vavu, utakuta kishimo. Fila geji ni bapa, inalala juu ya kingo za kishimo, inakuambia 0.25 kumbe vavu inaona kubwa kuliko hiyo. Toa roka shafti yote, chuma kinachobeba roka, pitisha kidole upande wake wa chini, ndiko inakolika kwa sababu roka zinasukumwa juu wakati wote. Zibua na matundu ya oili, gari iliyokaa huwa yameziba tope. Ukitafuta roka ya mtumba nenda na ya zamani mkononi, kuna za kushoto na za kulia.

mwana_wa_109:
Kishimo kipo mzee, kucha inanasa kabisa, na tundu la oili la roka hiyo lilikuwa limeziba. Nimebadilisha roka, mlio umeisha ukiwa na nafasi yake halali. Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda ya tatu bado iko chini, na vavu namba 5 ndiyo eksozi yake, kwa hiyo Jumamosi hedi inashuka. Nitarudi kuwaambia nimeikutaje.