Kaloleni ibomolewe au iachwe?

Hoja: Kaloleni, mtaa wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, ilijengwa na halmashauri ya manispaa miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika, nyumba za chini zikizunguka ukumbi wa jamii. Wapo wanaotaka ghorofa mahali pake. Nairobi itapoteza nini?

Karani wa Mipango: Tuache kulialia. Jiji hili lilianza 1899 kama kambi ya reli kwenye kinamasi. Tangu hapo halijaacha kubomoa na kujenga. Kaloleni iko hatua chache kutoka Viwandani, na nyumba moja ya chini imekalia ardhi ya familia kumi. Mtaa wa Pangani umeshatangulia: nyumba za zamani zilibomolewa, ghorofa zikajengwa.

Mwashi: Karani, kuhusu ardhi sikupingi. Mabomba je? Yale ya maji taka yalipimiwa nyumba za chini. Panga ghorofa kumi na mbili juu yake uone mashimo yakifurika barabarani kabla rangi haijakauka. Halafu udongo wa Eastlands ni ule mweusi: mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Inabidi uzolewe wote mpaka chini kugumu. Mkandarasi mwenye haraka huacha kiasi chini ya sakafu, na baada ya misimu miwili ya mvua milango haifungi.

Mpima Ramani: Ghorofa zenyewe hazina ubaya. Kinachofanya Kaloleni iwe Kaloleni ni mlango kufungukia uwanjani, mtoto akicheza huku mama anamwona akiwa jikoni. Jengeni ghorofa nne, zinazopandwa kwa ngazi, ukumbi na uwanja vibaki. Lifti ikikwama, bibi wa ghorofa ya tisa hashuki tena.

Karani wa Mipango: Nne hazilipi mkopo, ndugu yangu.

Mpima Ramani: Basi ziwe sita pembeni mwa barabara kuu, na katikati muache. Lakini magari yakipewa chini yote, mtaa umekwisha.

Mwashi: Na zitakazobaki zisiuawe na ukarabati. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa ukipigwa plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea; uso wa jiwe unabanduka kama maganda. Chokaa kipimo 1, mchanga safi vipimo 3, tabaka jembamba, ukuta ulowe kwanza, kisha ufunikwe magunia yenye maji siku kadhaa. Chokaa ikikaushwa na jua inageuka unga, na lawama anapewa fundi.

Karani wa Mipango: Njia ya kisheria ipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa turathi ya kihistoria kwenye gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi hupewa muda wa kulitoa.

Mwashi: Kipande House ya 1913, Waafrika walikoandikishwa na kupewa vipande, vile vitambulisho vya enzi ya ukoloni, tumeitunza. Mbona nyumba alimolala mwenye kipande inaonekana ni uchafu?

Karani wa Mipango: Hilo nakubali. Ila nionyeshe fungu la bajeti litakalonunua hiyo chokaa.