Mrejesho: propela yenye hatua ya inchi 11 kwenye boti ya Nyamisati na Kilindoni

Ndugu zangu, niliuliza iwapo boti yetu ya fiba, inayobeba abiria na mizigo kati ya Nyamisati na Kilindoni kwa injini ya nguvu za farasi 40, ingefaa kufungwa propela yenye hatua (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza majini) ya inchi 11 badala ya 13, kwa kuwa ikijaa ilichelewa mno kunyanyuka juu ya maji.

Mlinishauri nipime kwanza, nami nawashukuru sana. Ikiwa na shehena kamili na mafuta yamefunguliwa yote, injini iliishia mizunguko 4,300 kwa dakika, ilhali kitabu chake kinataka kati ya 4,500 na 5,500. Kila inchi ya hatua inayopunguzwa huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200, hivyo tulitarajia kukaribia 4,700, na tulipofunga ile ya 11 ndivyo ilivyokuwa. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mwendo haukupungua: GPS ya simu ilionyesha maili 17 za baharini kwa saa, kutoka 16, maana kwa gia ya 2:1 (injini ikizunguka mara mbili, propela huzunguka mara moja) utelezi wa propela, yaani sehemu ya mwendo inayopotea majini, umeshuka kutoka asilimia 30 hivi hadi 20.

Boti ikiwa tupu injini hufika 5,300, kiwango ambacho bado ni salama. Tumebaki na propela ya alumini, kwa sababu ikigonga mwamba hupinda yenyewe kabla ya kuvunja gia, na kwenye maji yetu yenye matumbawe hilo ni jambo kubwa kuliko kasi ya propela ya chuma cha pua.