Mashine za karakana ya marehemu baba: tuuze kwa mkupuo au tupeleke mnadani fungu kwa fungu?

BintiFundi
Wadau, salaam. Baba yetu alikuwa fundi wa vyuma maisha yake yote. Ametangulia mbele ya haki, na kati yetu watoto hakuna aliyeshika kazi yake, kwa hiyo familia imekubaliana karakana ifungwe. Vilivyomo ni kerezo ya Colchester (mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga), mashine ya milingi ya Bridgeport (yenyewe ni kisu kinachozunguka), drili ya kusimama, msumeno wa umeme wa kukatia vyuma, grainda za mezani, mashine ya kuchomelea, mitungi ya gesi, fuawe kubwa, majiliwa, na makabati yaliyojaa vitu vidogo: tupa, keekee, tepu na dai za kukatia nyuzi za skurubu, maikromita za kupimia unene ndani ya visanduku vyake.

Amekuja mnunuzi, akazunguka kidogo, akataja bei moja ya kubeba kila kitu. Kaka zangu wanataka tupokee hizo hela yaishe. Mimi roho inakataa. Naona vitaishia kukatwa na kuuzwa kwa kilo, na baba alivitunza mno. Je, mnada utatufaa zaidi? Na tujiandae vipi?

Mkereza
Pole sana dada, Mungu ampumzishe mzee.

Kabla hamjamjibu huyo mtu, pateni kipimo kimoja: vyuma vyote hivyo vikipimwa kwa kilo kama chakavu, vinaleta shilingi ngapi? Ulizeni wanunuzi wa chakavu wawili au watatu. Hiyo ndiyo sakafu yenu. Kama bei ya mkupuo imeizidi sakafu kidogo tu, basi mnapewa bei ya chuma, na utaalamu uliomo humo ndani anaupata bure. Kerezo nzima ya Colchester na Bridgeport yenye vifaa vyake ni mashine ambazo mafundi wanazitafuta kwa majina. Bridgeport za aina hiyo zilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1938, na vipuri vyake bado vinapatikana hadi leo. Mtu hainunui kwa uzito wake.

NyundoTatu
Nimefanya kazi ya udalali wa mitambo kwa muda mrefu, naomba niwatetee kaka zako kidogo. Mauzo ya mkupuo yana faida yake. Jengo linabaki tupu kwa siku moja, fedha inapatikana mapema, na hakuna mabaki. Kama mnalipia kodi ya jengo kila mwezi, hesabu hiyo iingizeni.

Lakini kwa orodha uliyoitaja, ningeshauri mnada wa fungu kwa fungu. Msitie saini na dalali kabla hajajibu haya kwa maandishi: kamisheni yake ni asilimia ngapi, na je, mnunuzi naye anatozwa ada juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyofikiwa mnadani? Ada hiyo huwagusa ninyi pia, maana mzabuni mwenye akili huitoa kwanza kwenye bajeti yake kabla ya kunyanyua mkono. Picha na matangazo analipa nani? Fungu lisilouzika lina gharama? Fedha za mauzo zinakaa kwenye akaunti ya pekee au zinachanganyika na za biashara yake? Na mnalipwa lini?

Halafu kuna bei ya kikomo cha chini, yaani ile ambayo chini yake hamuuzi. Wekeni kwenye mashine kubwa tu, na iwe juu ya sakafu aliyoisema Mkereza. Mkiiweka kila mahali au mkaipandisha mno, watu watanusa kwamba hamuuzi kweli na ukumbi utapoa. Vitu vidogo viacheni vianze chini, vitajivuta vyenyewe wakipatikana wawili wanaovitaka.

BintiFundi
Asanteni mno. Swali la nyongeza: kaka yangu mkubwa anasema tuzipake rangi mpya mashine zote zivutie. Na umeme wa karakana alitaka ukatwe wiki hii.

Mkereza
Rangi hapana! Anayejua mashine akiona rangi mbichi kwenye kerezo kuukuu, wazo la kwanza ni kwamba kuna ufa au kiraka kimefunikwa. Futeni vumbi na grisi iliyoganda, pitisheni mafuta mepesi kwenye reli na skurubu, basi. Kibao cha jina na namba ya mashine msikiguse kwa brashi ya waya wala msasa, maana mnunuzi hutumia namba hiyo kujua mwaka na kutafuta vipuri. Na fuawe, tafadhali, mtu asije akashauri uso wake ulainishwe kwa grainda au milingi. Ugumu uko kwenye tabaka la juu, na kila milimita inayoondoka haitarudi. Wanaojua fuawe hudondosha gololi ya chuma juu yake waone inavyoruka, kwa hiyo uso halisi wenye makovu kidogo unauzika kuliko uso uliochongwa upya.

Umeme ubaki mpaka siku ya mwisho ya ukaguzi. Mashine inayozunguka mbele ya macho ya mnunuzi na mashine iliyolala kimya zina bei mbili tofauti kabisa. Huyo mtu atataka kusikia beringi za kichwa zinavyolia, abadilishe gia moja baada ya nyingine, asukume kigari kinachobeba kisu kuanzia karibu na chaki (kile kishikio kinachozungusha kazi, upande wa kichwa) hadi mkiani. Kitanda cha kerezo, yaani zile reli kigari kinapopita, huliwa zaidi upande wa chaki kwa sababu kazi nyingi ni fupi na hufanyiwa pale. Kwa hiyo atakaza kigari hapo kichwani kisha akisukume kuelekea mkiani, na kikianza kugoma ataelewa reli zimechakaa kiasi gani. Msijaribu kulificha hilo. Liandikeni kwenye maelezo. Mchezo kwenye mpini wa skurubu unatibika kwa kubadilisha nati, ila kitanda kilicholiwa ni kazi ya kusaga upya, na mnunuzi aliyeambiwa ukweli mapema hulipa kwa amani.

FeziTatu
Niongezee upande wa umeme. Mashine za ukubwa huo kwa kawaida zina mota ya fezi tatu. Piga picha kibao cha mota kinachoonyesha volti. Kikisoma 230/400, mwenye umeme wa fezi moja anaweza kuiendesha kwa kibadilisha masafa (kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu), mota ikiunganishwa kwa delta, yaani mpangilio wa nyaya wa volti ya chini. Kikiwa na 400 peke yake, inahitaji kazi zaidi. Picha hiyo moja inakuletea wazabuni wenye karakana za nyumbani, ambao vinginevyo wangepita tu.

MamaSpana
Dada, mimi nanunua sana minadani na nitakwambia fedha inapopotelea: kwenye makabati. Mauzo yakifanywa kwa haraka, kila kitu kidogo humwagwa kwenye ndoo, na maikromita ya chapa nzuri kama Mitutoyo au Starrett inauzwa pamoja na keekee zilizovunjika. Mimi nimenufaika na ndoo hizo mara nyingi, lakini kwa ajili ya mzee wako nakuambia zitenganishe. Vipimo vyote viwe fungu lake, kila kimoja ndani ya kisanduku chake. Tepu na dai zipangwe kwa seti. Tupa zisirundikwe, zinaumana meno.

La muhimu kuliko yote: vifaa vya kerezo visiachane na kerezo. Chaki ya taya nne, sahani ya mbele ya kufungia kazi, mategemeo ya kushikilia vyuma virefu, gia za kubadilisha, ufunguo wa chaki. Mara nyingi vinakaa kabati la mbali na hakuna anayevitambua, vinauzwa kama chuma. Kerezo isiyo na gia zake haikati nyuzi zote, na kuzitafuta moja moja ni mateso. Mwombe fundi aliyefanya kazi na mzee aje akae nawe akuonyeshe kipi ni cha mashine ipi.

NyundoTatu
Umetaja mitungi ya gesi. Iondoeni kwenye orodha kwanza. Mara nyingi mitungi ya oksijeni na asetilini ni mali ya kampuni ya gesi, fundi huikodi tu, na huwezi kupiga mnada mali ya mtu. Tafuteni karatasi za mkataba, kisha muirudishe. Huenda kuna amana yenu kule. Wakati mkisubiri isimame wima na ifungwe mnyororo.

Na mawe ya grainda yakaguliwe. Ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi likiwa limening'inia: zima hutoa mlio safi, lenye ufa hutoa mlio uliokufa. La ufa livunjwe kabisa asije mtu akalifunga.

Mkereza
Uchukuzi nao uandikwe kwenye masharti: nani anapakia, na mwisho lini. Wengi hawajui kwamba kerezo uzito wake uko upande wa kichwa, hivyo kigari husogezwa mkiani kupata mizani, na mkanda wa kunyanyulia haupitishwi kamwe kwenye spindo (mhimili unaobeba chaki) wala skurubu ndefu. Bridgeport ndiyo mbaya zaidi, nzito juu. Meza ishushwe na kichwa kigeuzwe juu chini, mota iwe upande wa chini, kabla ya kunyanyua.

BintiFundi
Nimewasomea kaka zangu uzi mzima. Wamekubali mnada. Umeme unabaki, rangi tumeacha, na fundi aliyekuwa msaidizi wa baba anakuja kutupangia makabati. Wameomba jambo moja: jiliwa la mezani kwa baba lisiuzwe. Je, litapunguza thamani ya fungu?

MamaSpana
Hata kidogo. Jiliwa la mezani kwa kawaida huuzwa peke yake. Litoeni kabla picha hazijapigwa, maana likionekana kwenye orodha halafu likakosekana siku ya ukaguzi, wanunuzi wataanza kuuliza ni kipi kingine kimeondolewa.