Mrejesho: tovuti ya gesti yenye rangi za giza

Wakuu nimerudi, mimi ndo niliyeuliza kuhusu tovuti ya gesti hapa Mikindani, maandishi meupe pee kwenye bakigraundi nyeusi tii yalikuwa yanaumiza macho. Asanteni sana jamani. Nimeacha #000000 (kodi ya rangi nyeusi tii) nikaweka #121212 (nyeusi iliyofifia kidogo), maandishi #E0E0E0 (kijivu cheupe), bluu ya linki nikaipausha mpaka kontrasti, yaani tofauti ya mwanga kati ya maandishi na bakigraundi, ikavuka 4.5:1, kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa maandishi ya kawaida, aisee sasa unasoma mpaka chini bila kukunja uso, na picha za bahari usiku zimependeza mno. Kilichogoma ni juani, mchana ufukweni giza halisomeki kabisa, nikaongeza prefers-color-scheme (amri ya CSS inayoangalia simu imesetiwa giza au mwanga) ili simu iliyosetiwa mwanga ipate ukurasa mweupe, ila wenye simu zilizosetiwa giza bado wanahangaika, hao nawawekea kitufe cha kubadili.