Nyie mnaoandika orodha za "Saa 48 mjini", mnatupotezea muda na hela

Wakuu, salaam. Walengwa wa uzi huu wanajijua. Ni wale wanaorusha "mambo 14 ya kufanya ukiwa na siku mbili" na "sehemu 10 lazima ule", wanavuna wafuasi, halafu mgeni anafika na kukuta geti limefungwa. Mtu mwenye wiki mbili akikuta geti limefungwa anarudi kesho yake. Mwenye siku moja na nusu kesho hiyo hana, na ndiye huyo huyo mliyesema mnamwandikia.

Nianze na kosa la kitoto kuliko yote: siku ya kufungwa. Louvre, makumbusho kubwa ya Paris, haifunguliwi Jumanne. Musée d'Orsay, makumbusho nyingine ya hapo hapo Paris, ng'ambo tu ya mto, haifunguliwi Jumatatu. Orodha inasema "siku ya kwanza asubuhi Louvre, mchana Orsay" bila kutaja ni siku gani ya wiki, kwa hiyo anayetua Jumatatu au Jumanne tayari kaliwa kimoja. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure. Na siku hiyo mlango unafungwa saa sita na nusu mchana, foleni ikiwa imeuzunguka ukuta. Kasri la Topkapi la Istanbul hufungwa Jumanne, na lile soko kubwa la pale lililoezekwa (Grand Bazaar) hufungwa Jumapili. Taj Mahal Ijumaa. Hizi si siri za serikali, zimeandikwa kwenye tovuti za wenyewe na kuzisoma ni dakika mbili. Mwandishi hakuzisoma kwa sababu kanakili orodha ya mwenzake, na mwenzake naye kanakili.

Mnataka ushahidi wa kunakili? Tsukiji. Soko la jumla la samaki la Tokyo lilihama hapo kwenda Toyosu Oktoba 2018, mnada wa jodari ukaenda nalo. Kilichobaki Tsukiji ni soko la nje: maduka na vibanda vya chakula, pazuri kwa kifungua kinywa, ila vibanda vingi hufunga Jumapili na vingine Jumatano. Mpaka leo kuna orodha zinazomwamsha mtu saa kumi alfajiri akaone mnada ambao haupo. Kairo ndiyo hivyo hivyo. Hazina za Tutankhamun, yule farao wa kale, zimehamia Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, kule Giza karibu na mapiramidi, lililozinduliwa rasmi Novemba 2025, lakini orodha za zamani bado zinampeleka mtu makumbusho ya zamani ya uwanja wa Tahrir "akaone barakoa ya dhahabu". Akishafika Tahrir ndipo agundue, foleni ya magari kwenda Giza itammalizia mchana wote.

Sasa hesabu ya muda, maana hapa ndipo uongo wenyewe ulipo. Chukua mtu anayetua Jumamosi saa tisa alasiri na kuondoka Jumatatu saa nane mchana. Kwenye orodha zenu huyo ana "siku tatu". Haya, tuhesabu. Pasipoti na mizigo, saa moja na ushee. Treni au basi hadi katikati ya mji, saa nyingine. Hoteli, kuoga, kubadili nguo: ni saa kumi na mbili jioni, makumbusho mengi yameshafunga. Jumatatu, ndege ya kimataifa inakutaka uwanjani saa tatu kabla, yaani saa tano asubuhi, kwa hiyo mjini unatoka saa nne. Kilichobaki ni jioni ya Jumamosi, Jumapili nzima, na chai ya Jumatatu. Basi. Mambo 14 yanaingia wapi hapo? Na Jumapili yenyewe ndiyo siku ya Vatican kufungwa.

Halafu kuna viwanja vya ndege vinavyobeba jina la mji visivyokuwemo. Beauvais inauzwa kama Paris na iko zaidi ya kilomita 80 kutoka mjini. Narita kwa Tokyo ni kama kilomita 60. Mwandishi anayesema "ukitua tu, nenda moja kwa moja mnara wa Eiffel" hajui abiria wake katua wapi, wala hajali.

Tiketi nazo. Mnaandika "nunua tiketi mapema" kama vile umesema kitu. Mapema ni lini? Nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam, alikojificha yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara, haiuzi tiketi mlangoni kabisa; zinatoka mtandaoni kila Jumanne kwa ajili ya tarehe za wiki sita mbele, na huisha haraka. Galleria Borghese, makumbusho ya sanaa ya Roma, ni lazima uweke nafasi, unapewa saa mbili, zikiisha unatolewa. Mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci pale Milan, unaingizwa na kikundi kidogo, mnaangalia dakika 15, mnatoka. Alhambra, ile ngome ya kale ya Granada, Uhispania, tiketi ina saa maalumu ya kuingia majumba ya Nasrid. Ukichelewa saa hiyo, sehemu nyingine zote utaziona isipokuwa ile iliyokupeleka. Hivyo vitu vinne haviwezi kuandikwa kwa sentensi moja ya "mapema".

Na ile "tiketi ya kuruka foleni" mnayoipigia debe kwa kamisheni: inaruka foleni ya kununua tiketi. Foleni ya ukaguzi wa mabegi haiirukii. Sehemu nyingi foleni ndefu ni hiyo ya pili. Semeni hivyo, acheni watu walipie kivuli.

Chakula ndicho kimenifanya nifungue uzi. Orodha zinatoa jina la mgahawa, picha ya sahani, nyota nne na nusu, kwisha. Hakuna saa ya jiko. Mgahawa "unafungwa saa tano usiku" maana yake viti vinapandishwa juu ya meza saa tano. Jiko linaacha kupokea oda nusu saa hadi saa nzima kabla. Katika miji mingi ya Italia, Uhispania na Ufaransa jiko linafunga pia kati ya mchana na usiku: oda ya mwisho ya mchana ni kama saa nane au saa tisa, halafu hakuna kitu mpaka saa moja jioni, Uhispania hata saa mbili na nusu. Ratiba zenu zinampeleka mtu makumbusho saa sita, anatoka saa kumi ana njaa, jiko limelala. Anaishia wapi? Kwenye ule mgahawa ulio mkabala na mnara, wenye picha za vyakula ubaoni, menyu ya lugha sita, na kijana wa kuvuta watu mlangoni. Mgahawa wa namna hiyo hauhitaji urudi, kodi ya pale inalipwa na wapita njia, kesho wanakuja wengine. Tiba ni rahisi: kula kabla ya kuingia, au panga makumbusho iishe kabla ya saa saba. Sijaona orodha hata moja yenye sentensi hiyo.

Nyota nazo zisomwe kwa akili. Wastani haukuambii kitu kama mpishi kaondoka miezi mitatu iliyopita. Panga maoni kwa tarehe, soma ya miezi miwili ya karibuni, na uanze na ya nyota mbili na tatu. Hao ndio wanaoeleza kilichotokea. Wa nyota tano anasema "pazuri sana", wa nyota moja mara nyingi ana hasira za parking. Angalia picha za wateja, si za mwenye mgahawa. Na piga simu au andika ujumbe kuulizia Jumatatu, maana migahawa mingi ya Ulaya hupumzika siku hiyo na ramani ya simu haijui.

Nawasilisha. Mwenye la kuongeza aongeze.

#2
Umesahau mizigo, mkuu. Siku ya mwisho orodha zote zinasema "ukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, pitia makumbusho". Upitie na sutikesi? Louvre haipokei begi linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20, yaani hata ile ya kuingia nayo kwenye ndege ikiwa imejaa inaweza kukataliwa. Suluhisho ni kuacha begi hotelini (baada ya kutoa funguo wengi wanalitunza, uliza usiku wa kabla) au makabati ya kukodi stesheni. Ila makabati makubwa ni machache na hujaa asubuhi, na vyumba vingine vya mizigo hufungwa usiku. Hakikisha pia hoteli iko upande wa njia ya uwanjani. Ukilazimika kurudi mji mzima kufuata begi, umekula saa nzima.

#3
Mi naona mnawaonea kidogo. Mwandishi hawezi kujua kila msomaji anafika siku gani. Mgeni naye asome.

Nitakachowaunga mkono ni hali ya hewa. Cape Town kila orodha inaweka Mlima wa Meza siku ya mwisho "kama kilele cha safari". Gari la kamba halipandi upepo ukiwa mkali, na upepo wa pale hauombi ruhusa. Boti za Robben Island, kile kisiwa alichofungwa Mandela, nazo huahirishwa bahari ikichafuka, na safari yenyewe, boti kwenda na kurudi pamoja na matembezi, ni kama saa tatu na nusu hadi nne. Kinachotegemea hewa kiwekwe mwanzo kabisa, ili kikishindikana kuna siku ya pili. Vya ndani ya jengo ndivyo vya mwisho.

#4
Kwenye chakula ongezeni bei inayosomeka vibaya. Italia samaki mzima mara nyingi anaandikwa kwa "etto", nayo ni gramu 100. Mtu anaona namba ndogo kwenye menyu, anaagiza, samaki anakuja ana gramu 600, bili ni mara sita ya ile namba. Hajaibiwa, imeandikwa pale pale kwa herufi ndogo. Mwambie mhudumu ampime samaki mbele yako kabla hajaenda jikoni na akutajie jumla. Huko huko kuna "coperto", malipo ya kukaa mezani kwa kila kichwa, nayo lazima yawe yameandikwa kwenye menyu. Na kahawa ya kunywa umesimama kaunta bei yake ni tofauti na ya kukaa.

Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa hela ya hapo au hela ya kwenu, chagua ya hapo. Ukichagua ya kwenu, wao ndio wanaobadilisha, kwa kiwango chao. Wahudumu wengine wanakubonyezea, kwa hiyo ishike mashine mwenyewe.

Mwanzisha uzi
#3, siku ya kufika mwandishi haijui, sawa. Siku ya kufungwa anaijua au anaweza kuijua, na kuandika "Jumanne hapana" ni maneno mawili. Kwenye upepo umenena, nakubali.

Wenye orodha zilizokaa sawa wazibandike hapa chini, mji wowote. Kila sehemu iwe na siku ya kufungwa, saa ya mwisho wa kuingia, tiketi inatoka lini na wapi, na kama ni chakula, saa ya mwisho ya kupokea oda. Zipangwe kwa mtaa, si kwa umaarufu, na mitaa miwili kwa siku inatosha. Wekeni na tarehe mliyohakiki. Isiyo na tarehe tutairudisha kwa mwenyewe bila kuisoma.