Naiga ratiba ya mbwa wangu kwa ajili ya afya, ila asubuhi kizunguzungu kinanisumbua. Nakosea wapi?

Mtaratibu
Wakuu, habari zenu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, leo nimekwama.

Nina mbwa mkubwa, mtulivu, stresi haijui. Nikaamua kuchukua ratiba yake kama ilivyo. Akiamka anajinyoosha palepale, basi nami nikifungua macho nashuka kitandani, viganja chini, makalio juu, kichwa kinaning'inia, natulia hivyo kama dakika nzima, kisha nasimama. Saa kumi na moja alfajiri tunatoka kutembea kabla sijatia chochote mdomoni, hata maji. Tukirudi mwenzangu amelowa jasho mwili mzima. Yeye halali mara moja, kwa hiyo nami usiku nalala masaa manne tu, mchana nasinzia vipande vipande. Chakula mara moja kwa siku, tunamaliza.

Mwili umekuwa mwepesi na hasira zimepungua. Shida ni kwamba nikiinuka baada ya kujinyoosha, macho yanaingia giza hadi nishike ukuta. Mchana nikiamka kichwa kizito. Sina ugonjwa wowote. Naomba kujua jambo moja tu: nianze kunyoosha mgongo au miguu? Msinishauri niache, hii ratiba siiachi.

Mchokozi_Namba1
Ukianza kukojolea nguzo utupe taarifa mapema.

Viungo Laini
Mkuu, mgongo au miguu siyo hoja. Mtazame vizuri huyo mbwa. Kwanza anapeleka miguu ya mbele mbele, kifua kinashuka, makalio yanabaki juu, mara nyingi anapiga miayo hapohapo. Kisha anasogea mbele, shingo inainuka, miguu ya nyuma inaburuzika ikiwa imenyooka. Yote ni sekunde chache, hakai humo. Anakaza misuli, halafu anaiachia polepole. Wewe umechukua umbo, kitendo umekiacha.

Pili, mgongo wa mbwa umelala sambamba na ardhi, kwa hiyo kimo cha kichwa na cha moyo havipishani sana. Wewe unatoka kulala, unaning'iniza kichwa chini ya moyo, kisha unasimama wima kwa mkupuo. Hapo nusu lita ya damu au zaidi inateremkia miguuni na tumboni. Vihisio vya presha vilivyo shingoni na kifuani vinatakiwa viamuru mishipa ibane na moyo uongeze kasi ndani ya sekunde chache. Vikichelewa, ubongo unapungukiwa damu, unaona giza.

Fanya hivi. Ukiwa bado chali kitandani, nyoosha mikono na miguu, kaza mwili mzima kwa hesabu ya tano, achia kwa hesabu ya kumi. Mara tatu. Geuka ubavu, jisukume kwa mkono, kaa ukingoni miguu ikigusa sakafu. Dakika moja au mbili hapo, huku unainua na kushusha visigino mara ishirini, maana misuli ya mashavu ya miguu, nyuma chini ya goti, ndiyo inayosukuma damu kurudi juu. Simama ukishika kitu. Kunyoosha mgongo kufanyie ukutani au kwenye kiti kizito kisichoteleza: viganja usawa wa nyonga, rudi nyuma hadi mikono inyooke, magoti yakunje kidogo, kichwa kiwe katikati ya mikono, kisishuke chini ya kifua. Sekunde 20 hadi 30, pumua, usidundedunde. Kutoka, sogeza miguu mbele kwanza ndipo uinue kifua. Wengi wanainua kichwa kwanza na hapo ndipo wanapoyumba.

Usingizi Ni Haki
Mbona mmeruka kosa kubwa kuliko yote? Masaa manne!

Mbwa mzima hulala takriban masaa 12 hadi 14 kwa siku, ila kwa vipande, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa: analala, anazinduka, anasikiliza, analala tena. Mtu mzima anahitaji masaa saba au zaidi, na sehemu kubwa iwe kwa mfululizo usiku. Usingizi mzito unajaa nusu ya kwanza ya usiku, ule wa ndoto unajaa kuelekea asubuhi. Ukiukatisha usiku baada ya masaa manne unautupa huo wa mwisho, na vipande vya mchana havirudishi hesabu. Hata uzoee vipi, saa ya mwili haigeuki kuwa ya mbwa.

Kichwa kizito nacho kinaelezeka. Ukisinzia zaidi ya nusu saa unaingia usingizi mzito, na kuamshwa katikati yake ndiko kunakoleta huo uzito. Tega kengele dakika 25: tano za kupotelea, ishirini za kulala. Iwe kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo usiku utakesha. Kahawa ikate mapema pia, kwa watu wengi nusu yake bado inazunguka mwilini baada ya masaa kama matano.

La kuiga kwa mbwa kwenye usingizi ni saa ya kuamka isiyobadilika, mwanga wa nje mapema asubuhi, na kulala giza likiingia bila simu mkononi. Hayo matatu tu.

Mama Subira
Binadamu tumepewa akili ili tumfunze mnyama, siyo mnyama atufunze. Mtu akishaona mbwa ni mwalimu wake, ajiulize amewakosa wapi wazee wa kumshauri.

Mchokozi_Namba1
Mama, wazee wenyewe wakiamka wanajinyoosha, labda nao walimwangalia mbwa.

Daktari wa Minyororo
Mimi nitamsemea mbwa, maana humu kila mtu anamsemea mtu. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu asile mlo mmoja mkubwa kwa siku. Tumbo likijaa chakula kingi na hewa aliyoimeza kwa kula haraka, linaweza kuvimba na kujipinda, na hiyo ni dharura ya upasuaji. Gawa mara mbili au tatu, tumia bakuli lenye vizuizi ndani ili apunguze mwendo, na asikimbizwe baada ya kula. Dalili ni tumbo kuvimba, kujaribu kutapika bila kutoa kitu, mate mengi, kutotulia. Usisubiri asubuhi.

Matembezi nayo, acha pua yake iongoze. Mnamvuta kamba kila baada ya hatua mbili, wakati kunusa ndiyo kazi yenyewe. Dakika ishirini za kunusa zinamtuliza kuliko mwendo mrefu wa kuburutwa. Kamba iwe ya mita tatu hivi, ifungwe kwenye mshipi wa kifuani, siyo shingoni. Na anayeshika kamba afanye vilevile: atoe vipokea sauti masikioni, asimame mbwa anaposimama, atazame kilichopo. Mbwa akishanusa cha kutosha utaona mkia umeshuka kwenye hali yake ya kawaida na kamba imelegea.

Pumzi Ndefu
Hakuna aliyetaja kujikung'uta. Mbwa akimaliza kugombana au akitoka kwenye meza ya daktari, anajikung'uta kuanzia kichwani hadi mkiani, kisha anaendelea na mambo yake. Kwa mtu: vuta hewa kwa pua hesabu nne huku mabega yanapanda hadi masikioni, toa hesabu sita huku yanaanguka. Mara tano. Siri iko kwenye kutoa kuwa kurefu kuliko kuvuta, hapo mapigo yanapungua. Ukivuta kwa nguvu na haraka utapata kizunguzungu kingine juu ya hicho ulichonacho. Wengi wanakosea hapo.

Nesi wa Zamu
Mtaratibu, kabla hujashika ukuta tena: una umri gani, na unatumia dawa gani? Zote. Za presha, za kukojoza, za usingizi, za mzio, za tezi dume.

Mtaratibu
Ahsanteni wote, ya kiti nimeipenda. Dada Nesi, umri wa kutosha. Dawa sidhani kama zinahusika, tubaki kwenye mada.

Nesi wa Zamu
Kizunguzungu cha kusimama ndiyo mada yako, na dawa ndiyo kitu cha kwanza kuulizwa. "Sidhani zinahusika" siyo sawa na "situmii".

Viungo Laini
Jibu kaka. Maelekezo yangu yote niliandika kwa mtu asiyetumia dawa.

Mtaratibu
Sawa. Nina miaka 58. Natumia za presha, aina mbili. Kimoja ni cha kupunguza maji, nakimeza nikiamka, kabla ya kutoka. Kingine kinaishia na "-olol", hicho nimeshaanza kukigawa nusu na nilipanga kukiacha kabisa hivi karibuni. Ndiyo maana ya ratiba yote hii. Nilisema sina ugonjwa kwa sababu presha siihesabu, haiumi. Tena nilipima mara moja baada ya matembezi ikawa imeshuka vizuri. Mbwa hamezi vidonge na yuko sawa. Mwili ukitunzwa unajiendesha.

Nesi wa Zamu
Sasa picha imekamilika. Usiku mzima hujanywa maji. Unaamka unameza kidonge cha kutoa maji, unatembea bila kunywa, unakula mara moja. Damu imepungua ujazo. Juu yake kuna dawa inayouzuia moyo usiongeze kasi unaposimama, halafu unaning'iniza kichwa. Hicho kizunguzungu kingekosaje kuja?

Kidonge cha "-olol" hakiachwi kwa mkupuo. Moyo umezoea kuzuiwa, kizuizi kikitoka ghafla mapigo na presha vinaweza kuruka juu kuliko mwanzo, na kwa mwenye tatizo la mishipa ya moyo inaweza kuwa hatari kweli. Kinapunguzwa kwa hatua, na hatua zinapangwa na aliyekuandikia. Tena baadhi ya vidonge vimetengenezwa viachie dawa kidogokidogo, ukivivunja ovyo unaharibu mpango huo.

Kipimo chako cha baada ya matembezi hakihesabiki. Presha mara nyingi hushuka kwa muda baada ya mazoezi. Pima hivi: nusu saa kabla, hakuna kahawa, sigara wala mazoezi. Nenda haja ndogo. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, miguu usiipishanishe. Mkono juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa cha kipimo kwenye ngozi, siyo juu ya nguo. Usiongee. Pima mara mbili, dakika moja katikati, andika zote. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Kisha lala chali dakika tano, pima, simama, pima baada ya dakika moja na tena baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwambie daktari kwa namba, siyo kwa "najisikia mwepesi". Ukianza kuyumba wakati wa kipimo, kaa chini, usisubiri dakika ya tatu.

Na inawezekana dozi kweli imekuwa kubwa kwako sasa, hasa kama uzito umepungua. Hilo linatokea. Ila linaamuliwa kwa daftari la wiki moja.

Mchokozi_Namba1
Ngojeni kwanza. Juu "sina ugonjwa wowote", chini vidonge viwili. Na mmepitwa na kitu: mbwa "amelowa jasho mwili mzima". Mbwa gani anatoka jasho mwili mzima? Hii chai, tena imekolea tangawizi. Huyu hana mbwa.

Usingizi Ni Haki
Hee, kweli. Nimeandika insha nzima kwa mtu wa kutunga?

Daktari wa Minyororo
Kwa hilo la jasho Mchokozi yuko sahihi. Mbwa ana tezi za jasho kwenye nyayo, na hizo hazimpozi kwa kiasi cha maana. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje. Akirudi amelowa ni umande, au maji aliyoyapitia. Na kama ameanza kuhema kwa nguvu, ulimi mwekundu sana na anapepesuka, amezidiwa na joto. Mpeleke kivulini, mwagie maji ya baridi mwilini huku unampepea, kisha umwahishe kwa daktari.

Mtaratibu
Ni umande, tunapita kwenye majani marefu. Nimesema jasho kwa mazoea. Mbwa ninaye, vidonge ninavyo, mnataka niweke picha ya nini?

Mama Subira
Ya mbwa. Vidonge hatuvitaki.

Viungo Laini
Awe naye asiwe naye, mwenye presha anayesoma hapa abadilishe yale ya kwangu: sehemu ya kukaza mwili mzima iondoe. Ukikaza huku umebana pumzi presha inaruka. Nyoosha kiungo kimoja kimoja, unaachia huku unatoa hewa. Na kukaa ukingoni iwe dakika tatu.

Mtaratibu
Sawa, kiti na ukingo wa kitanda nimekubali, maji kabla ya kutoka nimekubali, usiku nitajaribu masaa saba. Mlo mmoja nabaki nao, hapo sijaona hoja. Na vile vipande nilivyokata vimejaa kwenye kopo, leo nimeze nusu mbili nifidie?

Nesi wa Zamu
Usifidie! Usimeze zaidi ya ulichomeza leo. Mpigie aliyekuandikia au mfamasia leo hiihii kabla ya dozi ijayo, mwambie umekata nusu tangu lini na unapata giza ukisimama, yeye ndiye aseme unarudi vipi. Muulize na saa ya kumeza kile cha maji, na kiasi cha maji unachoruhusiwa kunywa, maana kwa wenye moyo dhaifu au figo kuna mipaka. Mlo mmoja mtajie pia, kuna dawa zinazotaka chakula tumboni. Ukizirai, ukibanwa kifua, mdomo ukienda upande au ulimi ukawa mzito, hapo si simu tena, ni hospitali.

Mtaratibu
Nampigia. Nitaleta namba za wiki.

Mchokozi_Namba1
Picha ya mbwa bado.