MALALAMIKO: Makabati "ya kale" Mji Mkongwe, tunauziwa umri wa mbao kwa bei ya umri wa kabati

Msajimkavu ameandika:

Assalam alaykum wana jukwaa. Huu uzi ni wa hasira, atakayekwazika anywe maji.

Kuanzia mtaa wa Gizenga mpaka Hurumzi, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, ingia duka lolote lenye vitu vya kale. Hujafungua hata mlango wa kabati, muuzaji keshakwambia: "Hili la miaka mia na hamsini, la Kihindi, msaji mtupu." Msaji (mtiki), kweli. Miaka mia na hamsini pengine kweli pia, lakini ni ya ubao. Kabati lenyewe limeungwa mwezi wa Rajabu na gundi bado inanuka.

Hapo ndipo penye wizi. Nyumba imeanguka, milango, miimo na fremu za madirisha zinakusanywa, jahazi lililokufa linavunjwa, mbao zinapasuliwa na kuundwa kabati. Hiyo ni kazi ya halali, na nyingine inatoka nzuri mashallah. Lakini iuzwe kwa jina lake! Kitu cha kale, kwa desturi ya biashara hii na hata kwa forodha za nchi nyingi, ni kile *kilichoundwa* miaka 100 iliyopita au zaidi. Kabati la miaka ya 1950 au 1960 lenye miguu iliyotanuka na vioo vya kusukuma ni la zamani, si la kale, na lina bei yake. Kabati la juzi lililotokana na mlango wa babu ni kabati jipya.

Sasa jinsi ya kuwaumbua. Usianzie mbele, mbele ndiko wanakotaka utazame. Anzia nyuma na chini, chukua tochi, sumaku ndogo, kipande cha waya mwembamba na kitambaa cheupe.

Nyuma. Seremala wa zamani hakupoteza jasho kurandia kisichoonekana. Mbao za nyuma ziwe na alama za msumeno. Mistari iliyonyooka yenye nafasi zisizolingana ni ya msumeno wa mkono. Mistari iliyopinda kama mwezi mwandamo, yote kwa kipimo kimoja, ni ya msumeno wa duara wa mashine. Ukikuta plaiwudi, ama mgongo umebadilishwa ama kabati zima ni la karne ya 20 au la juzi, na muuzaji achague lipi.

Rangi. Ubao usiopakwa kitu hukolea pale tu hewa inapoufikia. Ndani ya kabati la kweli rangi hailingani: sakafu ya droo imekolea, sehemu iliyojificha nyuma ya reli ni nyeupe zaidi, chini ya rafu ni hivi na juu ni vile. Ukikuta weusi mmoja kila mahali, mpaka ndani ya viungo, huo umepakwa. Wanatumia chai ya rangi, pamanganeti, siki iliyolowekwa pamba ya chuma (inageuza msaji kuwa mweusi kwa muda mfupi tu) na, astaghfirullah, oili chafu ya gari. Oili haikauki. Futa sehemu ya ndani kwa kitambaa cheupe: kikitoka na weusi wa mafuta, basi na kanzu zako zitatoka hivyo hivyo.

Droo. Toa mtoto wa meza, mpindue. Viungo vya pembeni vilivyochongwa mfano wa mkia wa njiwa, vikiwa vya mkono, havilingani: mmoja mpana, mwingine mwembamba, na utaona mstari mwembamba wa kuchorea aliouacha seremala. Vikiwa vyote pacha ni vya mashine. Halafu tazama kingo za chini. Droo iliyovutwa na kurudishwa kwa karne nzima lazima imelika, na imelika zaidi upande wa nyuma, na reli iliyoibeba nayo ina mfereji. Droo ya "1870" yenye kingo kali kama rula haijawahi kubeba hata kanga mbili.

Chuma na shaba. Skrubu yenye kichwa cha msalaba (Phillips) ilipewa hataza Marekani mwaka 1936. Ikiwamo kwenye bawaba haimaanishi moja kwa moja kuwa kabati ni jipya, bawaba hubadilishwa. Ila itoe: kama chini yake hakuna tundu jingine la zamani wala kivuli cha bawaba ya kwanza, hapo hapajawahi kuwa na bawaba kabla ya hiyo. Vipini ni vivyo hivyo. Kipini kikibadilishwa huacha matundu yaliyozibwa, yanaonekana upande wa ndani wa uso wa droo. Sumaku haishiki shaba nyeupe. Ikishika bamba au kipini, ni chuma kilichopakwa tu, na kwa hewa yetu ya chumvi kitatoa kutu masika ya kwanza. (Isipokuwa sumaku ikishika msumari wa nyuma ya bamba, hilo ni la kawaida, msigombane na mtu bure.)

Matundu ya wadudu. Hapa wengi wanadanganyika, wakiona matundu wanasema "kweli la zamani". Mdudu anayekula ubao hutoka kwa tundu la duara, la wima. Ukiona juu ya uso wa ubao *mifereji* iliyolala, yaani njia ya mdudu imepasuliwa kwa urefu, maana yake ubao ulipasuliwa au kurandwa *baada* ya kuliwa. Hiyo peke yake yatosha kukwambia mbao zimetumika mara ya pili. Na wapo wanaotoboa kwa keekee! Ingiza waya: la mdudu hupinda baada ya milimita chache, la keekee linakwenda moja kwa moja na yote yana kina kimoja.

Mbao za jahazi. Hizi ndizo zinazonipandisha presha. Matundu ya misumari yenye doa jeusi pembeni, masalia ya pamba ya kalafati (ya kuzibia nyufa za chombo) kwenye kingo, harufu ya sifa (mafuta ya papa) au shahamu, na mara nyingine matundu mapana yenye ukuta mweupe kama chokaa, ya yule mdudu wa baharini anayekula vyombo. Zote hizo ni alama za jahazi, si za kabati. Na jahazi limelala baharini miaka, ubao umekunywa chumvi. Chumvi huvuta unyevu. Masika ikifika kabati linatoa jasho, likikauka linaota weupe, bawaba na skrubu za chuma zinaoza ndani ya ubao na mlango unadondoka. Muundaji mwaminifu huloweka mbao hizo kwenye maji baridi (yasiyo ya chumvi) na kuyabadilisha mara kadhaa, kisha huanika kivulini miezi kabla ya kuunda, na hutumia skrubu za shaba. Muulize muuzaji kama hayo yalifanyika. Atakutazama kama umemuuliza habari za mirathi.

Masanduku ya njumu (yenye mapambo ya shaba) siyagusi sana, yana uzi wake. Itoshe kusema kuwa mengi ya zamani yaliletwa na majahazi ya musimu kutoka Surat, Bombay na Ghuba, ya sesemi na msaji, na kwamba yanaundwa mapya hapa hapa mpaka leo. Vipimo vya nyuma, vya chini na vya sumaku ni vile vile.

Jambo la pili, na hili nawalalamikia wanunuzi wenzangu: mnanunua bila kupima nyumba. Upana wa vyumba vingi vya Mji Mkongwe uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, vingi havifiki mita 3. Chumba cha sm 280 ukiweka kabati lenye kina cha sm 60 na milango ya sm 50, mlango ukifunguliwa umebakiwa na sm 170, na kitanda hujaweka. Na wenye nyumba mpya za dari ya plasta: kabati la kimo cha sm 230 na kina cha sm 60, likilazwa chali na kuinuliwa, kona yake inafika karibu sm 238. Dari yako ni 235? Halisimami, hata kama likishasimama lingetosha. Vua taji la juu kwanza, ya kale mengi yana taji la kutoka. Pima pia ngazi, hasa pale zinapogeuka.

Likiingia, usiligandamize ukutani. Kuta za mawe na chokaa zinapandisha maji kutoka chini. Acha sm 5 hadi 10 nyuma, na miguu iweke juu ya vipande vya mpira au bati la risasi, si juu ya sakafu tupu.

---

Fundi_Patasi ameandika:

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, umesema kweli lakini usitutie mafundi wote kapu moja. Kabati la kweli linaletwa karakanani, lina polishi yake ya sheleki ya zamani, nzuri, imekolea. Mteja mwenyewe anasema: "Fundi, lipige msasa ling'ae." Ukimkatalia anakwenda kwa jirani. Msasa namba 60, vanishi ya dukani mikono mitatu, basi, miaka mia imegeuka unga sakafuni.

Nieleze namna sahihi, labda watasikia. Kwanza jua limepakwa nini: tone la spiriti mahali pasipoonekana, subiri dakika moja. Pakinata, ni sheleki, na sheleki hairudishwi kwa msasa. Futa vumbi kwa brashi laini, kisha kitambaa kilichokamuliwa sana kwenye maji yenye sabuni kidogo, ukaushe hapo hapo. Palipochakaa piga sheleki nyepesi kwa kidonge cha pamba kilichofungwa kitambaa, mikono mingi myembamba, na kamwe si siku ya mvua, maana unyevu huifanya ipauke kama maziwa. Mwisho nta: nta ya nyuki gramu 100, tapentaini mililita 300 hivi. Yeyusha nta ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, *ondoa motoni kabisa*, ndipo tia tapentaini. Paka kidogo kwa pamba ya chuma iliyo laini kabisa, acha nusu saa, sugua.

Na paneli za milango msizitie gundi! Paneli imeachwa ichezecheze ndani ya fremu kwa makusudi, inavimba masika na kusinyaa kaskazi. Ukiigandisha inapasuka katikati, halafu fundi ndiye anaitwa mwizi. Chumba cha kiyoyozi ndiyo kabisa.

---

Msajimkavu:

Fundi, hapo nakubali, kosa la mteja ni la mteja. Lakini karakana ikipokea sehemu ya juu ya kabati moja na ya chini ya jingine, ikazifungisha ndoa, mteja hajaomba hayo. Wasomaji tazameni: upana wa juu ulingane na kitako chake, mbao za nyuma za juu na chini ziwe za aina moja, na chini ya sehemu ya juu pasiwe na ubao uliopakwa polishi. Hakuna seremala aliyepolishi mahali patakapofunikwa na sehemu nyingine.

---

MwanaWete ameandika:

Mie niko Pemba, na huku balaa ni kabati la wavu, yale ya jikoni ya kuwekea chakula. Watu wa mjini wanakuja Wete na Chake kuyakusanya kwa bei ya kuku, yanakwenda kuuzwa Shangani kama "kabati la vitabu". Yakhe, ukilinunua tazama miguu. Miguu ya kabati la wavu ilikaa ndani ya vikopo vya maji kuzuia sisimizi, kwa hiyo sm 5 mpaka 10 za chini zimeoza au zina mstari wa maji. Miguu mikavu mizima maana yake imekatwa au imebadilishwa: pima kimo kutoka sakafu hadi rafu ya chini, likiwa limekaa chini mno, limekatwa.

Na lililopakwa rangi za mafuta za zamani, kijani au buluu, usilipige msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi.

Suali kwa fundi: chini ya kabati kunamwagika chembe kama mchanga. Ni nini na dawa yake?

---

Fundi_Patasi:

Dada (au kaka, samahani), tazama chembe kwa kioo cha kukuzia. Zikiwa ngumu na zina pande sita, ni mchwa wa mbao kavu. Huyu hahitaji udongo, hajengi njia ukutani, anaishi ndani ya ubao huo huo. Unga laini kama poda na matundu ya mm 1 hadi 2 ni fukusi. Kabla ya dawa hakikisha wako hai: safisha chini, tandika karatasi nyeusi wiki mbili. Isipodondoka kitu, yawezekana wamekwisha kufa siku nyingi.

Wakiwa hai, dawa ya boraksi haipenyi polishi wala vanishi. Ipakwe upande wa ndani na nyuma ambako ubao uko mtupu, na kwenye matundu ipigwe kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, urudie baada ya wiki. Kumwagia mafuta ya taa juu juu ni kuwanawisha uso. Na usilisogeze karibu na kabati jingine mpaka karatasi ikae wiki mbili safi.

---

Msajimkavu:

Nyongeza moja kwa anayekwenda kununua Jumamosi hii. Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti maneno matatu: limeundwa lini, mbao za nini, na kipi kimebadilishwa. Si "antiki", si "la kale", aandike mwaka au karne. Kama ni la mbao za jahazi aandike "jipya, mbao za jahazi". Mkiona wanaoandika bila kunung'unika, wekeni mtaa hapa kwenye uzi ili wengine waende. Wanaokataa msiwataje majina, mods (wasimamizi wa jukwaa) watafunga uzi.